Raifo mpya ya .375 katika mapori ya Liwale: shabaha inatengenezeka, magazini haivumiliki

Raifo tunayoipima hapa ni ya bolti, yaani ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, kaliba .375 H&H, yenye mtutu wa sentimita 61, kitako cha plastiki nyeusi kinachofika mpaka chini ya mtutu na magazini ya kuchomoa inayobeba risasi tatu. Ni toleo jipya. Jina la kiwanda hatulitaji kwa kuwa malalamiko yetu bado yako mezani kwa muuzaji. Tuliipima kwa risasi 60 kabla msimu haujafunguliwa Julai 1, kwenye mifuko ya mchanga na kwenye miti mitatu ya kuegemezea, kwa risasi laini, zinazotanuka zikimpiga mnyama, na risasi ngumu, zisizotanuka. Hukumu tunaitoa mapema: kasoro ya shabaha fundi mzuri anaimaliza kwa siku moja, lakini kasoro ya magazini inatosha kuirudisha dukani. Kati ya risasi hizo 60, saba zilikwama zikiingia chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, na mbili ziligoma kulia.

Kaliba yenyewe haina lawama. Ilitolewa na Holland & Holland wa Uingereza mwaka 1912, na hapa Tanzania ndiyo ya chini kabisa kwa wanyama hatari kama mbogo, simba na tembo. Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19.4, kinatoka kwa kasi ya mita 760 hivi kwa sekunde. Nguvu hiyo inamtosha mbogo ikiwekwa mahali pake. Wasiwasi wetu ni risasi ya pili. Kwenye matete ya Mto Matandu na vichaka vilivyoshonana vya Liwale, mbogo hupigwa akiwa mita 30 au 40, na akijeruhiwa akageuka, muda uliopo ni wa kukoki mara moja, pengine mara mbili. Wapo wanaouliza kwa nini basi tusibebe bunduki inayojikoki yenyewe. Kwenye uwindaji wa kitalii nchini hairuhusiwi, kwa hiyo mkono wa mwindaji na bolti yake ndivyo vinavyobaki, na bolti isiyolisha risasi kila mara haina kazi porini.

Katika zile saba zilizokwama, tano zilikuwa risasi ya mwisho ya magazini. Sababu inaonekana ukitoa magazini na kubonyeza sahani yake, kile kipande cha juu ya springi kinachobeba risasi, kwa kidole gumba: inainama mbele badala ya kupanda ikiwa sawa. Risasi mbili za juu zikiwepo, uzito wake unaituliza. Ikibaki moja, springi imekwisha nguvu upande wa mbele, pua ya risasi inashuka, na bolti ikisukuma, pua inagonga ukingo wa chini wa njia ya kuingilia chemba. Risasi laini yenye pua ya mviringo wakati mwingine inajiokoa ikateleza. Risasi ngumu yenye pua bapa hukwama pale pale, na ndiyo hiyo mwindaji anayoitegemea kwa mnyama anayemjia.

Tulijaribu kuvuta springi ili iongeze nguvu. Ilifanya kazi kwa risasi chache, kisha ikarudi palepale, kwa hiyo usihangaike nayo. Magazini ya pili tuliyopewa na muuzaji ilikwamisha vilevile. Hapo ndipo tulipojua kwamba kosa ni la umbo la sahani na wala si la kipande kimoja kilichotoka vibaya kiwandani.

Mbili zilizobaki zilikwama kwa njia ya hatari zaidi. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91, hivyo bolti lazima irudishwe nyuma safari nzima mpaka igonge mwisho. Mtu akiwa na haraka hurudisha robo tatu tu. Katika bolti za mtindo wa Mauser wa 1898, kucha ndefu ya pembeni hukamata kitako cha risasi mara tu inapotoka magazini, na haiiachii mpaka imetemwa nje. Raifo hii haina kucha hiyo. Bolti yake inaisukuma risasi kama kidole, na kijikucha kidogo kilichomo kwenye uso wake huikamata pale tu bolti inapofungwa kabisa. Ukiisukuma risasi nusu ndani ya chemba, ukarudisha bolti bila kuifunga, ile ya kwanza inabaki chembani, na ya pili inakuja kugonga kitako chake. Bunduki imefungika, na pua ya risasi moja imekaa juu ya fataki ya nyingine, ile ya kitakoni inayowasha baruti. Ikikutokea, elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, rudisha bolti mpaka mwisho, kisha itoe ile ya juu kwa vidole taratibu. Usiilazimishe kwa bolti hata kidogo.

Hatusemi kila raifo ya kusukuma ni mbovu. Zipo nyingi zinazolisha bila tatizo, na kwa swala pala au kongoni hakuna mwenye sababu ya kulalamika. Lakini kuunganisha bolti ya kusukuma na magazini inayoinamisha risasi, kisha kuiuza kama bunduki ya mbogo, ni kosa ambalo kiwanda kilipaswa kuliona chenyewe.

Mgongano wa risasi ndani ya magazini nao uangaliwe. Kila bunduki inapopiga teke, risasi zilizobaki huruka na kugonga ukuta wa mbele. Baada ya mikupuo miwili, pua za risasi laini zilikuwa zimebonyea. Kwa mita 50 haibadilishi kitu cha kuonekana, ila pua iliyobonyea inakwama kirahisi zaidi. Ikague kila jioni, na risasi iliyobonyea itumie kwenye mazoezi.

Zile mbili zilizogoma kulia zilikuwa na alama ya pini kwenye fataki, lakini ya juujuu. Tulisubiri sekunde 30 huku mtutu ukielekea kwenye kichuguu, ndipo tukafungua. Ndani ya bolti tulikuta grisi nzito ya kiwandani imeizunguka springi ya pini. Grisi ile hukinga kutu safarini, lakini vumbi jekundu la barabara ya Nangurukuru hadi Liwale likiingia humo linageuka kuwa tope, na pini inapiga kwa uvivu. Dawa yake ni kuifungua bolti, kuosha pini na springi kwa mafuta ya taa, kukausha kabisa kwa kitambaa, kisha kupaka tone moja la mafuta mepesi ya bunduki na kulifuta libaki utando tu. Baada ya hapo haikugoma tena. Hili mnunuzi alifanye siku ya kwanza kwa bunduki yoyote mpya, hata isipokuwa hii.

Sasa shabaha. Kwenye mifuko ya mchanga, mita 100, risasi mbili za kwanza zilikaa ndani ya sentimita 3. Ya tatu iliruka juu kulia, sentimita 6 kutoka kwa wenzake. Tukaacha mtutu upoe dakika kumi na tano, tukarudia, na mchoro ukawa uleule. Bunduki inayorudia kosa lake kwa mpangilio huwa na ugonjwa unaoonekana, tofauti na ile inayotawanya ovyo. Pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako, kuanzia mbele kurudi nyuma. Hapa karatasi ilikwama upande wa chini kushoto, sentimita chache kutoka ncha ya kitako. Mtutu ukipata moto unaegemea pale, na plastiki inausukuma juu kulia. Msasa uliozungushiwa kijiti kinene kuliko mtutu, na nusu saa ya subira, vilitoa nafasi ya milimita moja na nusu kuzunguka pande zote. Kisha chuma kilicho chini ya chemba, kile kinachopokea teke, kililazwa upya kwa araldaiti, kwa sababu kilikuwa kimeshika upande mmoja tu. Huo ni upungufu ambao .375 haiusamehi: teke lake hulegeza kitako kidogo kidogo, na wengi hulaumu darubini bila hatia. Kazi ya kitako fundi mwangalifu anaiweza. Ya kugusa chuma, triga au chemba mpelekee fundi silaha mwenye leseni.

Skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye kitako tulizikuta zimelegea tangu dukani. Zikaze kwa spana yenye kipimo, Nyutonimita 6 hivi, ya mbele kwanza, halafu ya nyuma. Kwa pete za darubini, Nyutonimita 2 zinatosha. Ukizidisha unaibana bomba ya darubini mpaka inabonyea. Zile zinazoshika msingi wa darubini kwenye chuma zisafishe mafuta, tia tone la gundi ya skrubu ya buluu, ile inayofunguka kwa mkono, ukaze, uache usiku mzima. Jicho likae angalau sentimita 9 kutoka kwenye kioo. Wanaolisogeza karibu ili waone vizuri huishia na mkato juu ya nyusi.

Baada ya matengenezo hayo risasi tatu zilikaa ndani ya sentimita 3 na nusu, bunduki ikiwa baridi au moto. Kwa .375 huo ni ubora wa kutosha kabisa, hata zaidi ya mahitaji ya porini.

Kilichobaki, na ambacho msasa hauponyi, ni ulaini wa ncha ya kitako. Plastiki yake ina utupu ndani, na ukiifinya kwa mkono inapinda mpaka inagusa mtutu. Ukiiegemeza ncha hiyo kwenye miti mitatu na kukandamiza, risasi inapanda sentimita 9 kwa mita 100. Kwa mbogo aliye mita 40 tofauti hiyo haifiki sentimita 4, haina madhara. Kwa kongoni aliye mita 150 inazidi sentimita 13, nayo inatosha kumpita juu ya mgongo au kumvunja vibaya akaenda kufia mbali. Mpaka upate kitako cha mbao au cha nyuzi ngumu, egemeza bunduki karibu na magazini kabisa, wala usiishike ncha. Na usisahau kuwa kichwa cha greni 300 kilichorekebishwa mita 100 hushuka sentimita 15 hadi 20 kinapofika mita 200. Mteja anayetaka kupiga mbali kuliko hapo apewe kaliba nyingine.

Triga ni nzuri, inakatika safi bila kuburuta. Sefti pia imefaulu, lakini ipime mwenyewe: hakikisha chemba ni tupu, koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha ondoa sefti. Ikisikika "tak", usiipokee. Rudia mara kumi.

Hali ya hewa ya huku nayo ina yake. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana zinapandisha presha, bolti inakuwa nzito kufunguka, na kijikucha kidogo cha raifo hii hakina nguvu ya kung'oa ganda lililoshika kama kucha ndefu inavyong'oa. Weka risasi kwenye mkanda au kwenye boksi kivulini. Bunduki inayolala Lindi mjini, au popote karibu na bahari, hushika kutu chembani kwa siku chache tu. Paka mafuta, lakini asubuhi ya kuwinda kausha chemba kabisa kabla ya kuweka risasi, maana mafuta yanalizuia ganda kushika kuta za chemba, na teke lote linaangukia bolti. Chuma chenyewe hakijapakwa kitu cha kukikinga zaidi ya rangi nyembamba nyeusi, ambayo imeanza kung'oka kwenye bolti.

Kwa anayewinda wanyama wasio hatari tu, kama swala pala na kongoni, na anayo nafasi ya kupata kitako kingine, raifo hii ikiteremshwa bei inaweza kumfaa. Kwa mwindaji bingwa anayesimama pembeni ya mteja mbele ya mbogo, au askari wanyamapori anayefuata damu majanini, hapana, mpaka kiwanda kibadilishe sahani ya magazini.

Anayetaka kujiridhisha aende dukani na risasi bandia sita, zisizo na baruti wala fataki, tatu za pua ya mviringo na tatu za pua bapa. Ajaze magazini, akoki taratibu, kisha kwa kasi, kisha bunduki ikiwa imelazwa ubavu na ikiwa imepinduliwa chini juu, kila hali mara tano mpaka risasi ya mwisho. Afanye hivyo kabla namba ya bunduki haijaingizwa kwenye leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ikishaingia, kuirudisha si suala la risiti tena, ni safari za polisi na barua, na msimu hausubiri.