Saa mbili ndani ya kayaki: mtoto wa Kirumba nisiyejua maji

Nimezaliwa Kirumba, Mwanza, na nimekula sato na dagaa maisha yangu yote, lakini hadi mwezi uliopita maji ya Ziwa Victoria yalikuwa hayajanivuka magoti. Meli ya MV Bukoba ilipozama humo tarehe 21 Mei 1996, mama alimpoteza rafiki yake wa karibu. Tangu hapo, nyumbani kwetu ziwa likawa la kuangaliwa tu.

Somo nililochukua ni la kuendesha kayaki, kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi, kwa wanaoanza, saa mbili, shilingi 40,000 pamoja na vifaa, kwenye ufukwe mmoja nje kidogo ya mji. Tulikuwa wanafunzi wanne na mwalimu mmoja. Kayaki zenyewe ni za plastiki, zile za kukalia juu, ambazo hata zikipinduka hazikubani ndani. Jaketi okozi nililopewa kwanza lilikuwa kubwa. Mwalimu alinishika mabegani akalivuta juu, likanifika masikioni, akalibadilisha bila mimi kusema neno. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Nchi kavu alitufundisha kama dakika ishirini. Kafi lina mabapa mawili: liweke utosini, viwiko vikikunjika kama kona ya meza basi mikono imekaa mahali pake. Halafu akasema nguvu haitoki mikononi, inatoka kiunoni, unazungusha kiwiliwili. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Tulipoingia majini nilipiga kafi kwa nguvu za mikono tu, na baada ya dakika kumi mabega yaliwaka moto. Mvuvi mmoja alipita na mtumbwi wake, akatusalimu "mwangaluka", kisha akacheka: "Dada, kafi umeligeuza!" Kweli, bapa nilikuwa nimelishika kinyume. Mwalimu hakuwa ameliona.

Sehemu iliyostahili pesa yote ni ya kupinduka. Kila mtu lazima apinduke makusudi, kwenye kina kinachozidi kimo chake. Nilijaribu kukwepa nikisema nina mafua. "Dada yangu, bora upinduke leo nikiwa pembeni kuliko siku uko peke yako," akanijibu. Nikaegemea upande, maji yakanimeza, kisha jaketi likanirudisha juu kabla sijamaliza kuogopa. Kurudi ndani ndiko kugumu. Unaigeuza kayaki, unaishika ukingo wa upande wa pili, unapiga miguu hadi ulale juu yake kifudifudi, halafu unageuka ukae. Alituimbisha: tumbo, makalio, miguu. Mara ya kwanza nilivuka moja kwa moja nikatumbukia upande wa pili. Mara ya tatu nikakaa, na nakiri nilipiga kelele kama mtoto.

Sasa malalamiko. Tuliambiwa saa moja asubuhi, tukaanza saa tatu kasoro kwa sababu ya mtu aliyechelewa. Ziwa letu halitaki mchezo huo. Asubuhi linalala kama kioo, lakini jua likishapasha nchi kavu joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani. Wakati wa kurudi mawimbi yalitusukuma kwa nyuma, na kila nikinyoosha kayaki inageuka ubavu. Mwalimu alinifunga kamba akanivuta mita za mwisho. Aibu yangu, ila kosa la ratiba yao.

Kubwa zaidi, hakuna aliyetaja kichocho. Sisi wa huku tunakijua, lakini kati yetu kulikuwa na kijana kutoka Dodoma aliyesimama kwenye matete akipiga picha, maji yakiwa kiunoni, na huko ndiko konokono wanaokieneza wanakopenda kukaa. Mtoa huduma anapaswa kumwambia mteja aingilie sehemu iliyo wazi, na baada ya wiki kadhaa aende kupima. Kukimbilia dawa kesho yake hakusaidii sana, kwani minyoo huwa bado haijakomaa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeishika hadi waongee kuhusu kichocho. Ukienda, chukua zamu ya kwanza kabisa, vaa viatu visivyochomoka mguuni maana mawe yanateleza, na simu iache kwa mtu wa nchi kavu. Yangu niliifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sokoni, sasa iko kwa fundi pale Makoroboi.

Mama nilimweleza jioni. Aliuliza kitu kimoja tu: kichwa kilizama? Nikasema kilizama. Akanyamaza, akaendelea kuchambua dagaa.