Empire Builder: ukikata tiketi uliza kwanza behewa lako liko wapi

Nimepanda Empire Builder, treni ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, kutoka Chicago mpaka Portland, nimelala humo siku mbili, na kilichonikamata siyo hata ile milima ya hifadhi ya Glacier, ni walivyoyapanga mabehewa. Mbele kabisa vichwa, halafu behewa la mizigo ambalo ni la kawaida, wakati yanayofuata ni ya ghorofa. Sasa mtu anavukaje? Wameweka behewa moja hapo kati, upande mmoja mlango uko chini upande wa pili uko juu, ngazi humo ndani, na ndo wanapolala wafanyakazi. Aliyewaza hivyo apewe maua yake. Kwengine kote njia ya kupita iko juu tu, kwahiyo chumba cha chini hakuna mtu anayekatiza mlangoni kwako, safari ijayo nachukua chini.

Treni ni vipande viwili vilivyounganishwa, cha Seattle mbele, cha Portland nyuma. Baada ya hapo yanakuja mabehewa ya kulala ya Seattle, mgahawa, viti vya Seattle, ndo kinaanza kipande cha Portland: behewa la vioo ambalo madirisha yanapanda mpaka darini, viti tena, na mkiani kabisa la kulala, ambalo ndo langu. Yani kwenda kula ni safari, unabonyeza kibao mlango unafunguka, treni inayumba unashikilia migongo ya viti, miguu ya waliolala imejaa njiani, mlango mwingine, hivyohivyo. Mi nilipenda lakini ukiwa na mama mzee fikiria mara mbili.

Sababu ya yote hayo ni Spokane, mji ulioko njiani kwenye jimbo la Washington. Usiku wa manane treni inakatwa pale, mbele inaenda Seattle kama treni namba 7, nyuma inakuja Portland kama namba 27, mgahawa unabaki na Seattle sisi tunapewa la vioo. Sasa mimi kwa ujinga wangu nilikaa kupiga stori kwenye viti vya Seattle nikasinzia hapohapo, mhudumu akaniamsha, akacheki tiketi, akanyoosha kidole nyuma bila kusema neno. Nilitembea haraka hiyo!

Asubuhi kifungua kinywa ni cha baridi, unakula kwenye vioo mto Columbia uko pembeni. Nikaangalia mbele palipokuwa na viti vya Seattle jana, sasa hivi ni kichwa, honi inapiga kama iko mezani.