Filimbi ya kuamia shamba: kabla hujalipa, itikise

Masika yaliyopita, saa nane usiku, nguruwe wameshaingia kwenye mahindi, nami niko dunguni, kwenye kichanja cha kulindia mazao, napuliza filimbi inatoa pumzi tupu. Fyuu. Napuliza tena, fyuu. Mjomba akaniitia kutoka dungu lake ng'ambo ya kijito: "Wee, umelala?" Sijalala mjomba, kigololi ndicho kilicholala.

Filimbi nyingi, zile za mwalimu wa zamu, zina kigololi ndani kinachozunguka na kuifanya sauti itetemeke. Kikilowa mate, au vumbi la mfukoni likikiingilia, kinanata. Muuzaji hakwambii. Atakusifia kamba, atakusifia chuma kisichoshika kutu. Mimi bonde la Lukuledi hili, umande wa alfajiri tu unanitosha kulowa mpaka kanga ya ndani. Rangi sitaki kujua. Nauliza: ina kigololi?

Ndiyo maana namba moja ni Fox 40 Classic, na mapenzi yangu siyafichi. Ni ya plastiki, ina vyumba vitatu vya hewa, ndani hakuna kinachocheza. Aliyeibuni, Ron Foxcroft wa Kanada, alikuwa refa wa mpira wa kikapu. Mwaka 1984 huko Brazil aliona faulo, akapuliza, kigololi kikamnatia uwanja mzima ukimtazama. Filimbi yake ikatoka 1987. Yeye alizomewa na mashabiki, mimi nililiwa mahindi. Inafika desibeli 115. Yangu niliizamisha kwenye ndoo mbele ya wanangu, nikaitoa inachuruzika, nikapuliza: kuku wote wakakimbilia jikoni.

Namba mbili vuvuzela. Hainati, inasikika mbali, ila inataka kifua na inakula mkono mmoja, na tochi je? Filimbi unaing'ata tu.

Za chuma za bei ya chini, mpe mtoto achezee.

Ya mwisho kabisa ni hii aliyouziwa msomaji wangu wa Nachingwea kwa jina la "filimbi ya porini". Kanitumia picha: bomba jeusi, limechorwa mnyama mwenye pembe za matawi, yule Waingereza wanamwita "deer". Jamani, hicho ni kifaa cha wawindaji wa Marekani! Kule mtu anajificha kibandani, anatoa mkoromo wa dume, ili dume jingine lenye wivu wa msimu wa kupandana, mwezi Novemba hivi, lije kutafuta ugomvi. Kinaita. Sisi dunguni tunafukuza. Na mnyama mwenyewe huku kwetu hayupo. Anasema alikoroma nacho usiku kucha, nguruwe hata kichwa hawakuinua.

Sasa wauzaji. Pesa ya korosho ikishaanza kuingia, kila kitu kinapanda, kana kwamba tumeokota. Mwezi huo huo duka moja Lindi mjini wakaniuzia "Fox 40" kwa shilingi 15,000. Kufika nyumbani, maandishi yanafutika kwa kidole. Nikaitikisa: kacha, kacha, kacha. Nikapanda gari kesho yake kuirudisha. Kijana hata hakuona haya: "Dada, hilo toleo jipya."

Toleo jipya la kayamba, nikamwambia. Hela hakunirudishia.