Runinga ya Full HD au ya 4K: ipi inatosha sebuleni?

Full HD ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080, kama milioni 2. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Kwa hesabu, 4K imeshinda mara nne. Kwa macho, sivyo.

Chukua runinga ya inchi 43. Ukikaa zaidi ya mita 1.7 kutoka kwenye kioo, jicho la kawaida haliwezi tena kutenganisha pikseli za Full HD. Nilipima kwangu kwa futi kamba, kutoka kochi hadi kioo: mita 2.6. Tukatazama mechi ileile kwenye runinga mbili. Namba za jezi na chaki ya uwanja vilikuwa sawasawa. Niliposogea hadi karibu nishike kioo ndipo nikaona nyuzi za nyavu zikiwa kali zaidi kwenye 4K.

Halafu kuna bando. Netflix inapendekeza intaneti ya kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K. Kwa anayenunua data kwa kifurushi, huo ni mzigo mzito kwa tofauti asiyoiona.

4K naikubali kuanzia inchi 55, kwa anayekaa karibu na mwenye intaneti isiyo na kikomo. Ila kama bado unatazama DVD, zenye pikseli 720 kwa 576, hamia Full HD bila kusita. Hapo nyuso za watu zinabadilika kabisa, hata bibi aliyekaa mkekani ataona.