Amoksisilini ya maji, na duka la dawa lililonifunza kuitumia

Mwanangu wa miaka 4 aliamka usiku akilia na kushika sikio. Kulipokucha daktari alimkuta ngoma ya sikio imevimba na kuwa nyekundu, akamwandikia amoksisilini ya maji, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 7. Duka la kwanza nililoingia lilitaka kuniuzia vidonge sita vya rangi mbili, bila kuuliza umri wa mtoto wala kuisoma karatasi ya daktari. Nilitoka, nikapanda matatu hadi Mwembe Tayari, hapa Mombasa.

Huko mfamasia, mzee mpole, aliuliza kwanza kama mtoto amewahi kutoka vipele au kushindwa kupumua kwa sababu ya penisilini, kwani amoksisilini ni ya jamii hiyo. Kisha akaigongagonga chupa kiganjani mpaka unga ukaachana, akatia maji yaliyochemshwa na kupoa, akatikisa, akaongeza mengine hadi kwenye mstari. Nilipomuuliza dawa yenyewe inafanya nini, hakunipuuza.

“Mwanangu,” aliniambia, “unazijua kuta za mawe na chokaa za Mji wa Kale? Bakteria naye ana ukuta, na kila anapokua hana budi kuujenga upya.” Amoksisilini huvikamata vimeng'enya vinavyoziunganisha nyuzi za ukuta huo, ni kama fundi aliyenyang'anywa chokaa, ukuta hubaki na mianya, maji huingia kwa nguvu, na bakteria hupasuka. Seli za mwanadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa humuua mdudu ikamwacha mtoto, na kwa kuwa virusi pia havina ukuta huo, mafua ya kawaida hayatibiki kwa chupa hii hata ukiinywesha yote.

Penisilini ya awali, ile iliyotokana na ugunduzi wa Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, iliharibiwa na asidi ya tumbo na haikuwafikia vyema bakteria wenye utando wa ziada nje ya ukuta. Amoksisilini, iliyoanza kutumika mwaka 1972, huihimili asidi hiyo na hupenya vitundu vya utando wa baadhi yao. Hapo ndipo inapopata sifa ya wigo mpana, yaani kuua bakteria wa aina nyingi. Hata hivyo wapo bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuivunja, na kwa hao daktari huandika ile iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, inayokizuia kimeng'enya hicho.

Lililonigusa zaidi ni suala la saa. Figo huitoa dawa upesi, kiasi kwamba baada ya muda wa saa moja hivi nusu yake imekwisha kuondoka katika damu. Ukiruka dozi, unampa bakteria nafasi ya kuziba mianya. Kwa hiyo tulishika saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, ingawa kumwamsha mtoto aliyelala kulinitia huruma sana.

Siku ya tatu alilala usiku kucha. Alihara kidogo, madhara ambayo mzee alikuwa amenitajia, na ladha ya matunda aliipenda. Kwa joto letu chupa ilikaa kwenye friji, na iliyosalia niliirudisha dukani iteketezwe, kwa sababu ikishachanganywa haidumu. Kasoro ya dawa hii ni kijiko cha plastiki kilichomo bokisini, ambacho alama zake hazisomeki. Mzee alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, na kwa hilo nilipima mililita 5 kamili kila mara.