Siku 27 katika meli ya kontena: tathmini ya abiria kutoka Nairobi

Mjomba wangu, aliyepakua mizigo katika bandari ya Kilindini kwa miaka mingi kabla ya kuja kuishi nasi Embakasi, alicheka hadi akafuta machozi nilipomwambia kwamba nimekata tiketi ya meli ya kontena. "Mwanangu," alisema, "sisi tulilipwa ili tuipande. Wewe unalipa?" Nililipa, tena euro 100 kwa siku, ambayo ilikuwa bei ya kawaida ya huduma hii mwaka 2019. Kwa siku 27 kutoka Hamburg hadi Singapore, gharama hiyo ilizidi shilingi laki tatu kabla ya nauli za ndege na bima. Kwa kuwa watu hapa Nairobi bado wananiuliza kama fedha hizo ziliniuma, naeleza nilichopewa na nilichonyimwa.

Nianze na wakala, kwa sababu ndiye aliyeniudhi. Barua zake zilikuwa za adabu na orodha yake ya nyaraka ilikamilika: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, barua ya daktari ya kuthibitisha kwamba naweza kupanda ngazi bila msaada, na bima itakayolipa hata ikibidi meli igeuze njia kumpeleka mgonjwa bandarini. Alichonificha, au alichosahau, ni kwamba tarehe ya kuondoka katika biashara hii ni makadirio tu. Meli ilichelewa siku nne, nami nikazimaliza hotelini kwa gharama yangu, nikiambiwa kila asubuhi nisubiri. Tena, ingawa alikuwa na nakala ya pasipoti yangu ya Kenya, hakunieleza kwamba abiria huhesabiwa kama mgeni mwingine yeyote, na kwamba lazima awe na viza ya kila nchi atakayotaka kuikanyaga njiani, ikiwa nchi hiyo inaidai kwa pasipoti yake. Abiria wenzangu wawili, mume na mke wastaafu kutoka Uswisi, waliposhuka Southampton kwenda kunywa chai mjini, mimi niliwaaga kutoka sitahani.

Tulikuwa watatu tu, na hatungeweza kuzidi 12, kwa sababu mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini huihesabu meli yenye abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, pamoja na masharti yote yanayoambatana na hilo. Ndiyo maana hakuna daktari wala mtu wa kukuburudisha. Siku ya kwanza ofisa mmoja alitufundisha kuvaa jaketi la kuokolea maisha, akatuonyesha mashua ya dharura na mahali pa kukusanyika king'ora kikilia, kisha akarudi kazini.

Chumba changu kilikuwa kikubwa kuliko bedsita niliyopanga Roysambu nilipokuwa mwanafunzi: kitanda, kochi, meza, friji ndogo na bafu la peke yangu, na kila droo ilikuwa na kitasa cha kuizuia isifunguke meli inapoyumba. Dirisha lilitazama mbele, jambo nililolifurahia hadi nilipofungua pazia na kukutana na kontena jekundu, la aina ile ile inayopita Barabara ya Mombasa usiku na mchana. Nililitazama kwa siku 15. Lilipoteremshwa Jeddah, nikaiona bahari kutoka kitandani kwa mara ya kwanza, na nakiri kwamba nilimshukuru mwendesha kreni kwa sauti. Mwenye kukata tiketi na aulize chumba kiko ghorofa ya ngapi.

Saa za kula ndizo zinazoipa siku umbo lake: kifungua kinywa kuanzia saa moja na nusu, chakula cha mchana saa sita, cha jioni saa kumi na moja na nusu, na anayechelewa hukuta meza imefutwa. Mpishi alitoka Ufilipino, kama walivyokuwa mabaharia wengi, kwa hiyo wali haukukosekana hata siku moja. Kwa maofisa wa Ulaya aliongeza viazi na nyama. Alhamisi na Jumapili tulipata aiskrimu. Mboga mbichi zilipungua kadiri siku zilivyosonga, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa nikiota sukuma wiki. Chai ilikuwa maji ya moto na majani katika kifuko, jambo ambalo sitalijadili zaidi.

Baina ya milo hupangiwi chochote, na hapa ndipo mtu hujua kama alinunua kitu kinachomfaa. Unafua nguo zako mwenyewe kwa mashine, unatembea hadi omo, yaani ncha ya mbele ya meli, baada ya kuomba ruhusa, unasoma, unalala. Mimi nilizoea kupanda kwenye chumba cha usukani, ambako maofisa hupokezana zamu za saa nne na mgeni hukaribishwa mradi asiguse kitu na anyamaze rubani wa bandari anapokuwa ndani. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na dhaifu, ingawa wakala aliandika kwamba "ipo".

Mfereji wa Suez peke yake ulitosha kulipia wiki nzima. Tuliingia kabla ya alfajiri katika msafara wa meli, moja nyuma ya nyingine kama malori yanayongojea mizani ya Mlolongo, tukaenda kwa mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa katika njia ya kilomita 193 iliyofunguliwa mwaka 1869. Upande mmoja mashamba na misikiti, upande mwingine mchanga mtupu, na kingo karibu kiasi kwamba nilisikia pikipiki. Meli ya kontena Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama huko kwa siku sita Machi 2021, mimi sikushangaa.

Katika Bahari ya Shamu saa ya meli ililingana na ya Nairobi. Siku chache baadaye, katika Ghuba ya Aden, nilikuwa chini ya kilomita 2,000 kutoka nyumbani, lakini sikuruhusiwa hata kutoka nje: kwa hofu ya maharamia milango ilifungwa kwa ndani, mapazia yakashushwa usiku, mipira ya maji ikafungwa kwenye kingo, nasi tukaonyeshwa chumba cha kujifungia. Tulipokipita kisiwa cha Socotra, kusi ilitupokea. Ilikuwa Julai, na upepo ule ule ambao manahodha wa majahazi walikuwa wakiungoja uwarudishe Arabuni uliitikisa meli ya mita 300 kwa siku tatu. Mhudumu wa mesi alilowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze. Mimi sikuwa mezani. Bahari ilikuwa imenilevya.

Kuanzia hapo hadi Singapore hakuna la kusimulia, ila usingizi ulipungua. Tangu Hamburg saa zilisogezwa mbele mara sita, kila mara usiku, na kila mara nililipa kwa kukikosa nusu ya kifungua kinywa.

Meli naipa nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa ajili ya chai na lile kontena jekundu. Wakala naye nampa mbili. Anayetaka kufanya safari hii sasa afahamu kwamba tangu janga la Uviko-19 mwaka 2020 kampuni nyingi ziliacha kuchukua abiria, na kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2023 meli nyingi za kontena zilianza kuepuka Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hivyo aulize njia kwa maandishi kabla ya kutuma amana. Aulize pia nani atalipa hoteli meli ikichelewa. Mimi risiti za siku zile nne bado ninazo, na barua yangu ya madai haijajibiwa.