Pampu ya umeme ya maputo: uzoefu wangu wa miezi minane

Kazi yangu ni kupamba kumbi. Pampu hii niliichukua Kariakoo kwa shilingi 45,000, ile ya midomo miwili yenye taima. Kabla yake tulikuwa tunajaza kwa pampu ya mkono, mimi na wifi yangu, na tao moja tu linakula nusu siku. Sasa maputo 200 nayamaliza kwa saa moja na ushee. Kwa kasi, naipa alama zote.

Ila usiitegemee taima peke yake. Taima inahesabu sekunde, joto hailijui. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kipaimara, Tabata. Nilijaza usiku chumbani, kiyoyozi kiko nyuzi 22, maputo yote yakatoka saizi moja, yamekaza mpaka yanang'aa. Saa sita mchana tao likawa uani, juani. Meusi ndiyo yalianza: pa! pa! pa! Watoto wanashangilia, mama mwenye shughuli ananitazama tu. Iliniuma sana.

Nikarudi kwenye fizikia ya sekondari, kanuni ya Charles. Hewa isiyobanwa hutanuka kadiri joto linavyopanda, na hesabu unaianzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo 22 yangu ni 295. Puto jeusi likifika 45 juani, ni 318. Ukigawanya, ujazo umeongezeka karibu asilimia 8, na mimi sikuwa nimeacha nafasi yoyote. (Huyo Charles naye alikuwa mtu wa maputo: mwaka 1783 alipaa angani Paris kwa puto la haidrojeni.)

Siku hizi nina boksi nililolikata tundu la inchi 10. Kila puto la inchi 12 litakalokaa nje lazima lipite hapo. La ukumbini nalijaza hadi 11. Namba za foili (yale maputo yanayong'aa yenye umbo la tarakimu) hazivutiki kama mpira, kwa hiyo naziachia mikunjo kwenye mshono. Zikitoka kwenye kiyoyozi zinajinyoosha zenyewe.

Kasoro yake: ikifanya kazi dakika 20 mfululizo, mdomo unapata moto na hewa inatoka ya vuguvugu. Maputo ya mwishomwisho unayakuta asubuhi yamenywea kuliko ya mwanzo, wakati sekunde ni zilezile. Ipumzishe kidogo kabla hujaendelea. Na waya wake ni mfupi, beba ekstensheni.